Msikilizaji Naye Apewe Kigae

Kisiwa cha Kilwa kiliuzwa kwa nguo. Ndivyo isemavyo tarikhi ya mji huo. Ali, mgeni aliyetoka Shirazi, alifika kwa jahazi, akauliza kisiwa ni cha nani, akaomba auziwe. Mwenyewe akakubali kwa sharti moja: kisiwa chote kizungushiwe nguo za rangi. Nguo zikazungushwa, mwenye kisiwa akazichukua zote, akahamia bara. Baadaye moyo ukamgeuka, akataka kurudi na watu wake kwa vita. Akakuta mkondo aliozoea kuuvuka maji yakitoka umekwisha kuchimbwa, bahari imejaa, pa kupita hapana.

Nimeisimulia hadithi hii darasani, barazani, na ndani ya mashua inayovusha watu kutoka Kilwa Masoko. Sijaona bado hadhira iliyosinzia. Lakini ikishamalizika, haikosi mtu wa kuuliza: je, ni kweli?

Hapo ndipo sisi tunaosimulia kale mbele ya watu hujikwaa. Yuko anayejibu kwa kucheka, kwamba hizo ni ngano za wazee, tuendelee na mambo ya maana. Na yuko anayekaza sauti kwamba ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Mmoja anajiona msomi na mwingine anajiona mzalendo, lakini wote wawili wamemfungia muulizaji mlango. Amekuja na akili yake, ameambiwa aiweke kando apokee jibu.

Miaka yangu ya kufundisha sekondari ilinizoesha vibaya katika jambo hili. Mtihani ulikuwa unataka mtoto ataje sababu sita za kustawi kwa miji ya pwani na sababu sita za kuanguka kwake. Mtoto alizikariri, akazimwaga kwenye karatasi, akafaulu. Ukimuuliza wiki moja baadaye nani aligundua sababu ile ya tatu, na aliigunduaje, anakutazama kama umemuuliza bei ya mbingu. Hakuna aliyemwambia kwamba nyuma ya kila sentensi ya historia yupo mtu aliyeinama juu ya shimo, au juu ya karatasi iliyoliwa na mchwa, akabishana na wenzake kabla ya kuiandika.

Msimamo wangu kuhusu kazi hii ni mmoja. Anayesimulia kale kwa watu wa kawaida anadaiwa kuwaonyesha alivyoijua. Akiwaonyesha hivyo, hata hadithi ya nguo inaweza kusimuliwa bila aibu na bila uongo.

Tuijaribu hiyo hiyo. Tarikhi ya Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16. Nakala iliyotufikia ilinakiliwa Unguja mwaka 1877 na sasa imehifadhiwa London. Mreno João de Barros naye alichapisha habari za wafalme hao hao mwaka 1552, akizitoa katika maandishi yaliyopatikana Kilwa. Kwa hiyo tuna mashahidi wawili wanaofanana kwa mengi na kutofautiana kwa machache, na wote waliandika karne nyingi baada ya huyo Ali kushuka chomboni. Tena aliyeandika kwa Kiarabu alikuwa mtu wa mji, anayepanga nasaba ya watawala wake.

Msikilizaji hahitaji shahada kulielewa hilo. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo cha kugawa shamba la urithi anajua jinsi nasaba inavyosimuliwa. Mzee anayeanza na babu fulani hakuanza naye kwa bahati, anaelekea kwenye minazi. Anayosema si lazima yawe uongo. Ila kila neno lake lina kazi, na wanaosikiliza wanaipima hiyo kazi huku wakimpa heshima yake. Ukiwakumbusha watu kwamba uwezo huo wanao tayari, wataisoma tarikhi kwa jicho kali kuliko wanafunzi wengi wa chuo.

Nao huanza kuona wenyewe. Kama kisiwa kilinunuliwa, basi kilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo hata mwandishi wa watawala hakuthubutu kusema kilikuwa kitupu. Tarikhi inakwenda mbali zaidi: inasema wageni walimkuta hapo Mwislamu mmoja na jamaa zake, na msikiti. Kisha yapo masimulizi ya wazee wa Kilwa yaliyoandikwa kwa Kiswahili wakati wa Wajerumani. Humo mwenyeji ana jina, Mrimba, na Ali anamwoa binti yake. Nguo inabaki, lakini pamoja nayo kuna ndoa, na ndoa huzaa mjukuu mwenye haki pande zote mbili. Nimeona watu waliokuja kusikiliza historia ya masultani wakigeuka kuzungumzia mahari.

Baada ya maneno, tuteremke kwenye udongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, Neville Chittick alichimbua Kilwa Kisiwani tabaka kwa tabaka. Chini kabisa, karne kadhaa kabla ya majumba ya mawe, alikuta watu wakiishi pale tangu karibu karne ya 9: vyungu vya wenyeji, mabaki ya chakula cha baharini, dalili za ufuaji chuma. Hata hivyo, wataalamu wa enzi hizo walikuwa na mazoea ya kuyatazama magofu ya pwani kama kazi ya wageni, na Waafrika kama watu waliokuwa wakitazama kwa mbali.

Miaka ya 1980 Mark Horton alichimbua Shanga, katika kisiwa cha Pate, Kenya. Chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka akafika kwenye kijumba kidogo cha miti cha karne ya 8. Mti wenyewe umekwisha kuoza zamani. Kilichobaki ni alama ya shimo la nguzo, duara la udongo wenye rangi tofauti na udongo ulioizunguka. Hapa huwa nasimama kidogo, maana jambo hili watu wa pwani wanalijua kwa mikono yao. Nani hajawahi kuona alama ya nguzo ya banda lililobomolewa? Basi kwa alama za namna hiyo tunajua kwamba msikiti ule ulianza kwa miti, ukaja udongo, ukaja mawe ya matumbawe, ukikua kidogo kidogo mahali pale pale, na vigae vilivyouzunguka vingi mno ni vya vyungu vya pale pale. Mji wa mawe haukushushwa jahazini ukiwa tayari.

Ukifika hapo, watu wengine hufurahi kupita kiasi. Wanataka umalize kwa kusema kwamba wageni hawakuwapo kabisa na hadithi ya Shirazi ni uzushi. Baada ya uhuru yalisemwa sana, na kwa sababu zinazoeleweka: mtu aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba hakujenga kitu, akipata ushahidi kwamba alijenga, hutaka ajenge peke yake. Lakini mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani, kati ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Wengi wa watu hao asili yao ilikuwa ya Kiafrika kwa zaidi ya nusu, hasa kwa upande wa mama. Sehemu kubwa ya asili ya upande wa baba ilitoka Asia, na kwa wengi ilikuwa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000.

Msomaji atakumbuka wale wazee wa Kilwa na binti wa Mrimba.

Habari ile ilipoingia kwenye simu zetu, kila mtu alikata kipande chake. Aliyetaka kuwa Mwajemi alisambaza nusu moja, aliyetaka kumkana Mwajemi akasambaza nusu ya pili, na kila mmoja aliandika juu yake kwamba sayansi imethibitisha. Wachache walisoma hadi pale panapoelezwa waliopimwa ni akina nani: wengi walizikwa penye makaburi ya watu wenye hadhi, karibu na misikiti. Mvuvi na mkulima wa mji ule ule, aliyezikwa kwingine, hajaulizwa. Hilo halifuti utafiti. Linatuambia tu sauti yake inafika wapi, na anayefundisha anapaswa kulisema kwa sauti ile ile aliyotangazia matokeo.

Ushahidi una tabia nyingine inayowasumbua wasimulizi: hauchagui kutupendeza. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri. Alimsifu pia sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, lile kasri la juu ya jabali lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linalotazama bahari. Msafiri anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili nguo, akampa zile. Watu wakasisimka kwa unyenyekevu huo.

Ni kisa kitamu, na wengi hukikomesha hapo. Lakini kwenye kitabu hakikomei hapo. Mtoto wa sultani aliichukua ile nguo kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Watumwa 20, kama shukrani ya shukrani. Niliwahi kushauriwa na mwenzangu wa kazi kwamba sehemu hiyo niiruke ninapozungumza na watoto, kwa kuwa inachafua mji ambao tunataka waupende. Nilimwelewa, ila sikukubali. Mtoto atakayekuja kuisoma mwenyewe akiwa na miaka 20 atajiuliza ni mangapi mengine tulimficha, na hapo ataacha kutuamini hata kwenye msikiti wa Shanga. Isitoshe, wale watumwa nao ni watu wa kale. Hawana majina katika kitabu, hawana kasri wala birika. Mstari huo mmoja ndio kaburi lao lote. Kuuruka ni kuwazika mara ya pili.

Sasa tuje kwenye sarafu, maana hapa majivuno hupata mtihani wake. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu ndogo za shaba. Upande mmoja una jina la mtawala na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yana vina. Waambie hivyo watu waliokulia kwenye mashairi uone nyuso zao: fedha ya kununulia samaki, nayo ilikuwa inaghaniwa.

Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi wa Australia katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Nimesikia watu wakizitumia zote mbili kwa pumzi moja: Wakilwa walifika Zimbabwe, Wakilwa walifika Australia kabla ya Wazungu. Makofi hupigwa.

Zipime moja moja. Ile ya Zimbabwe ina majirani wanaoizungumzia. Dhahabu ya nyanda zile ilishuka hadi Sofala, na Kilwa ilipata utajiri wake kwa kuishika biashara ya Sofala. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu pia zimepatikana shanga za ng'ambo na vyombo vya China. Sarafu ikikutwa hapo, njia yake inaonekana. Zile za Australia ziliokotwa pamoja na sarafu nne za Kiholanzi za karne za baadaye. Hazikuchimbuliwa na mtaalamu, zilikaa ndani ya kopo kwa miaka mingi kabla ya kutambuliwa, na kwa hiyo tabaka zilimokuwa halijulikani. Huenda zilibebwa na mabaharia wa aina nyingi, kwa karne nyingi, kwa sababu nyingi. Sarafu ni halisi, safari ndiyo isiyojulikana. Nikiwapa watu mafungu hayo mawili wayalinganishe, makofi hupungua na maswali huongezeka, na mimi hufurahia badiliko hilo.

Kwa sababu hiyo hiyo, ninapotembea na vijana kwenye magofu huwakataza kutia chochote mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, lakini sababu ninayoanza nayo mimi ni nyingine. Chukua kigae, nawaambia, kitazame ukingo wake, kitafute alama ya vidole vya aliyekifinyanga, niambie ni cha chungu au cha bakuli la kigeni lenye rangi ya kung'aa, kisha kirudishe palepale. Kigae kilichohamishwa kimenyang'anywa nusu ya maneno yake. Kijana aliyekwisha kusikia habari za kopo la Australia haoni tena kwamba katazo hilo ni ukali wa mzee.

Lipo deni la pili, na hili si la msimulizi mmoja mmoja. Matokeo ya uchimbuaji wa Chittick yalitoka mwaka 1974, majuzuu mawili makubwa, kwa Kiingereza. Ule utafiti wa vinasaba nao uko kwa Kiingereza. Kijiji cha Kilwa Kisiwani kimekaa katikati ya magofu, nyumba zake nyingi ni za miti na udongo kama zile ambazo Ibn Battuta anazitaja za mbao na ambazo zimepotea na kutuachia mawe peke yake. Aliyezaliwa humo amepishana tangu utotoni na watu wanaochimba uani kwake, wanaojaza mifuko, wanaoandika, wanaoondoka. UNESCO iliuweka mji huo na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikautia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikautoa huko mwaka 2014. Maneno hayo yote, urithi, hatari, uokovu, yametamkwa kwanza kwa lugha ambayo bibi wa kijijini hapo haiongei.

Kwa hiyo nililipokea vizuri somo la Historia ya Tanzania na Maadili lililokuja na mtaala mpya, linalofundishwa kwa Kiswahili. Ni hatua. Lakini Kiswahili peke yake hakitatuponya tukikitumia kuwakaririsha watoto zile zile sababu sita, safari hii kwa ufasaha zaidi. Na neno maadili lililobandikwa kwenye jina la somo lina mtego wake: litamvuta mwalimu kuitumia kale kama mfuko wa mifano mizuri, mashujaa wa kuigwa na wasaliti wa kulaaniwa. Mimi ningependa maadili ya somo hilo yaanzie kwenye namna ya kulifundisha. Usimpe mtoto jambo bila kumwonyesha lilikotoka. Usifiche mstari unaokuaibisha. Usiongeze chumvi kwenye mstari unaokupendeza. Panapokosekana ushahidi, useme haupo, hata kama kimya hicho kinakupunguzia makofi.

Najua wapo watakaosema kwamba watu wa kawaida hawana muda na mambo ya matabaka na nakala, wanataka kisa. Nakubali wanataka kisa, na mimi huanza na nguo kila mara. Lakini wanaodhani kwamba watu hao hawawezi kupima ushahidi hawajakaa nao mnadani asubuhi samaki wanapoingia, wala hawajasikiliza kesi ya mpaka wa shamba kwenye baraza la kata. Watu wetu wanapima ushahidi siku nzima. Kitu wasichopewa ni ushahidi wa historia yao wenyewe.

Wakipewa, mwalimu hapati tena heshima ya kusikilizwa kwa kuinamiwa vichwa. Atakatizwa. Ataambiwa mbona yule wa juzi alisema vingine, mbona hiki kigae ulichosema ni cha bakuli kina masizi ya jikoni. Wengine hulichukulia hilo kama utovu wa adabu. Kwangu ndilo tokeo ninalolitafuta: nitajua nimefundisha Kilwa siku mvuvi wa Kilwa atakaponipinga, akanionyesha anachokitegemea, na mimi nikabaki sina budi ila kulifikiria upya nililokuwa nimelimaliza.